Usipa wa Ottilia

Sijasahau. Watu walioitwa walanguzi mwaka themanini na tatu, soko huria lilipokuja walijiundia umoja wa wafanyabiashara pale Mbinga, nao wakaanza kubagua wenzao. Sharti lao: mwanachama awe anawauzia wafanyabiashara, si walaji.

Ottilia wa Kihagara, muuza usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, aliomba kuingia ili apate wateja wa Songea.

"Mama, wewe ni wa mafungu ya sokoni," mwenyekiti Rogasian alimcheka mbele ya wanachama.

"Shikamoo, baba. Hoteli yako inapika usipa wa nani?"

Rogasian akakohoa.

"Wangu, gunia zima kila wiki. Na ninyi wenye maduka, nani hajanunua kwangu?"

Hakuna aliyeinua mkono. Rogasian akaandika jina la Ottilia, akiuliza mzigo mwingine unaingia lini.