Mipira ya Kushoto

Katika mji wa Redeyef, ambako vumbi la fosfati kutoka migodini huingia hata kwenye sukari, Lazhar alikuwa kipa wa akiba kwa miaka kumi na moja. Watu husema "kusugua benchi" kana kwamba ni uvivu. Wajaribu wao. Jifue wiki nzima sawasawa na mwenzako, ule kwa kipimo, ulale mapema, kisha siku ya mechi uvae glovu, ukae dakika tisini ukimtazama mtu mwingine akifanya kazi yako. Katika miaka yote hiyo Lazhar alikuwa amedaka mechi nne za ligi, na mbili kati ya hizo mvua ilinyesha, watu wakabaki majumbani kwao.

Kahawani walimwonea huruma kwa namna yao. Hamma kinyozi, akiwa na karata mkononi, aliwahi kutangaza kwamba suruali ya Lazhar huisha makalioni, magotini ni mpya mpaka leo. Wote walicheka, na Lazhar naye akacheka, maana asiyecheka kahawani hutafutiwa utani mbaya zaidi. Alikuwa na miaka thelathini na nne, hana mke. Mchumba aliyepata kuwa naye alimwacha akisema hawezi kuishi na mwanamume anayengoja mwenzake avunjike mguu. Lazhar hakuwahi kumwombea mtu avunjike. Lakini angemweleza nini, na kazi yenyewe ndivyo ilivyo?

Kipa namba moja alikuwa nahodha, Mundher, mtu wa maneno machache. Makipa wana dunia yao. Wenzao wakikimbia pamoja na kutaniana, wao wawili wako kando, mmoja anarusha, mwingine anaruka. Mwalimu wao, mzee Tijani, magoti yake yalikuwa yamestaafu kabla yake, kwa hiyo mipira ya kumpasha Mundher ilirushwa na Lazhar. Alimjua mwenzake kuliko mke wa Mundher alivyomjua. Alijua ni goti gani hutangulia, pumzi ipi ni ya uchovu na ipi ni ya hasira. Hata hivyo hawakuwa wakitembeleana, na mazoezi yakiisha kila mmoja alishika njia yake.

Mwaka huo, kwa maajabu ya Mungu, timu ilifika fainali ya kombe. Mji ulipata wazimu. Hata mbuzi walivalishwa skafu. Mkataba wa Lazhar ulikuwa unakwisha Juni, na viongozi walishamwambia, kwa upole wa watu waliokwisha kuamua, kwamba wanatafuta kijana. Kwa hiyo hii ndiyo ilikuwa mechi yake ya mwisho. Ama angesimama langoni siku hiyo, ama asingesimama tena maishani.

Siku nne kabla ya fainali, Mundher aliangukia bega la kushoto mazoezini. Akainuka, akajikung'uta, akasema yu mzima. Kesho yake Lazhar aliona jambo ambalo kipa tu angeliona: Mundher alikuwa akisimama nusu hatua kushoto mwa katikati ya goli. Kipa akifanya hivyo, ameuacha upande wa kulia wazi makusudi, ili washambuliaji wavutike kupiga huko. Kisha akamwona anavua glovu ya kulia kwa meno, kwa sababu mkono wa kushoto haukuweza kupanda.

Lazhar alinyamaza. Angekwenda kwa kocha Shukri, kahawa nzima ingesema kamchongea mwenzake ili apate nafasi, na pengine wangekuwa wakweli. Siri hiyo alisafiri nayo saa nane ndani ya basi hadi mji mkuu. Alitazama mizeituni ikipita dirishani.

Hotelini walipangiwa chumba kimoja, kama kawaida ya makipa. Baada ya chakula cha mchana Mundher alilala kwa ubavu wa kulia, uso umeelekea ukutani.

"Lazhar."

"Naam, kapteni."

"Kesho unirushie kama kawaida."

"Una hakika?"

"Kama kawaida, nimesema."

Kawaida yao ilikuwa mipira kumi ya kulia, kumi ya kushoto, kisha ya juu. Lazhar alitazama mgongo wa mwenzake na kumwonea huruma iliyochanganyika na heshima. Ama kweli mwanamume huyu ana kiburi, aliwaza. Yuko radhi bega ling'oke lakini asikiri. Hapo hapo akaamua kwamba hatamwaibisha.

Siku ya fainali jua lilikuwa kali na nusu ya Redeyef ilikuwa jukwaani. Kocha Shukri alikuwa na desturi yake: dakika tano za mwisho za kupasha misuli huwaacha wengine wote, akaja kusimama karibu na mlingoti, mikono nyuma, kumkagua kipa. Alipenda kusimulia jinsi alivyowahi kumtoa kipa mmoja pale pale, orodha ikiwa imeshapelekwa kwa refa. Kila mtu kikosini alikijua kisa hicho, wengine walikijua kwa moyo.

Shukri alikuja. Lazhar akarusha mipira kumi ya kulia, Mundher akaidaka yote kwa ulaini. Kisha Mundher akasogea katikati kabisa ya goli, akageuza kidogo bega la kushoto, akangoja. Lazhar aliokota mpira wa kumi na moja. Wakatazamana. Akaurusha kulia. Wa kumi na mbili, kulia. Mundher aliudaka, akaushikilia kifuani, akamtazama muda mrefu kuliko ilivyo kawaida kabla ya kuurudisha.

Mzee Tijani aliuliza kushoto vipi.

"Kushoto tumeshamaliza, mzee," Lazhar alijibu, akicheka.

Kocha alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Lazhar alihisi mwili mzima ukiwa mwepesi. Akajiambia hiyo ndiyo raha ya kumsitiri rafiki, akaenda kukaa mahali pake.

Wapinzani walihitaji zaidi ya saa nzima kugundua. Dakika ya sabini na mbili mshambuliaji wao alipiga mpira wa chini, kushoto, tena si mkali. Ni mpira ambao siku nyingine Mundher angeudaka huku akipiga miayo. Goti lilishuka, mkono haukufuata, na nyavu zikatikisika. Mechi ikaisha hivyo hivyo, moja bila.

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa kilio, kisha watu wakaanza kutoka. Wakabaki wao wawili, kwa sababu Mundher hakuweza kuvua jezi. Lazhar alimvulia taratibu, mkono wa kulia kwanza, kichwa, kisha wa kushoto. Bega lilikuwa limevimba na kuwa jeusi hadi shingoni.

"Nilikuwa nangoja unirushie kushoto," Mundher alisema.

Lazhar alibaki na jezi mkononi.

"Nahodha hawezi kujitoa fainali kwa mdomo wake," Mundher aliendelea, bila hasira, na hilo ndilo lililouma zaidi. "Mji wote upo pale. Nilikwambia unirushie kama kawaida. Mpira mmoja tu wa kushoto, Shukri angeona, yangekwisha. Ungeingia wewe."

"Nilikuwa nakusitiri, kaka."

"Sikuomba sitara. Wewe ni kipa mzuri, Lazhar. Miaka yote hii anayejua ni mimi tu. Nilitaka na wao wajue." Akamgeukia. "Uliogopa?"

Lazhar alitaka kusema hapana, na hapana ilikuwa tayari ulimini. Lakini aliukumbuka ule wepesi uliompata kocha alipoondoka, na sasa akautambua. Haukuwa wepesi wa mtu aliyemsaidia rafiki. Ulikuwa ule wa mwanafunzi aliyeambiwa mtihani umeahirishwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na chake kilikuwa kimemla kwa miaka kumi na moja huku akiwalaumu makocha.

"Niliogopa," alisema.

Mundher aliitika kwa kichwa, kama mtu aliyekwisha kujua. Akatupia koti begani, akachukua begi kwa mkono wa kulia, akatoka kwenda kwenye basi.

Simu ikalia. Ni mama yake, kutoka Redeyef, na nyuma yake zilisikika sauti za majirani waliokuja kutazama mechi kwake, kila mmoja akimlaani Shukri kwa zamu.

"Pole, mwanangu," mama alisema. "Hivi huyo kocha wenu hana macho? Sisi huku, wanawake watupu na sahani zetu za kuskusi, tumeona mwenzio ana mkono mbovu. Kwa nini hakukuita wewe? Dhalimu mkubwa huyo, Mungu anamwona."

Lazhar alikaa kwenye benchi refu la mbao, peke yake, akiwa bado amevaa jezi yake safi.

"Niliitwa, mama," alisema. "Sikwenda."