Kozi Tano za Kuficha Paa

...na kama ni kuficha paa, kwani ameliiba, Mwinjuma akawaza, simu sikioni, shingo ameipinda kama kuku aliyesikia mwewe, na kule juu ya jukwaa fundi Hashiru amesimama na mwiko umejaa mota, tofali la kwanza liko tayari kukaa juu ya renta, ule mkanda wa zege unaofunga kuta, "Bosi, tupandishe au tusipandishe? Zege hailali," na kilichokuwa kwenye karai hakikuwa hata zege, lakini fundi akitaka kukukimbiza hata chai hailali, na kwenye simu mkewe, Saida, yuko palepale alipoanzia, "Baba Firdausi, unanisikia? Kozi tano tu za tofali, za kuficha paa, nyumba ionekane ya kisasa, halafu kitakachobaki kiingie kwenye kaunta ya jiko," kitakachobaki, neno tamu hilo, kama ukoko wa ubwabwa wa shughuli, kila mtu anaupigia hesabu na sufuria lilishakwanguliwa... maana fungu lenyewe la pesa alilitenga yeye, kabla msingi haujachimbwa hapa Misugusugu, akaapa, kujenga kuna pesa yake na kubadili mawazo kuna pesa yake, na hii haiguswi ila kwa jambo la maana, Saida akacheka mpaka akakaa chini, akaliita fungu la kiherehere, na kiherehere kweli kikaja kwa miguu yake, shemeji Latifu, Jumapili ile, na miwani yake ya jua, akasimama katikati ya chumba ambacho hakina hata paa, "Shem, dirisha hili lihamie upande wa pili, upate upepo wa Ruvu," upepo wa Ruvu umefika lini Misugusugu, lakini Mwinjuma, asije akaonekana mshamba, akasema fundi, hamisha, likahamishwa, likatazamana uso kwa uso na choo cha jirani, likarudishwa, ukuta uleule ukalipiwa kujengwa, ukalipiwa kubomolewa, ukalipiwa kujengwa tena, umekula nusu ya fungu na hauna hata haya, uko pale unamwangalia... sasa nusu iliyobaki ni ya jambo moja, moja, si moja na kaunta, "Baba Firdausi?" nipo, nipo, mtandao huu, na mtandao wa watu haukuwa na kosa lolote... jambo lenyewe dogo, kozi tano, aseme ndiyo yaishe, ile nyumba ya Tangini ambayo Latifu anamtumia picha yake kila asubuhi kama dozi imefichwa paa na inapendeza, inafanana na friji, lakini inapendeza, ila mvua ikinyesha anayebisha hodi analowa mpaka afunguliwe, ukuta umepanda moja kwa moja mbinguni, bati halitokezi hata kidogo, hakuna kivuli, hakuna pa kukaa... hakuna pa kukaa, na hapo mama akamwingia kichwani bila hodi, Bi Mwanaamina, na mkeka aliotoka nao Kisarawe siku ile jamvi la zege la sakafu limemwagwa likakauka, wakamwekea kiti cha plastiki katikati, mama, hapa ndipo sebuleni, keti, akatazama huku, akatazama kule, akasema "Haya," kisha akatoka nje, akatandika mkeka juu ya mchanga wa ujenzi, akanyoosha miguu kuelekea barabarani, na kila apitaye, shikamoo bibi, "Marahaba, mjukuu wangu, wewe wa nani, na hicho kapuni nini?" hata alasiri inaingia anajua nani kaachika, nani ana bamia nzuri, nani kasogeza mpaka wa nani, na Mwinjuma, mwaka wa pili huu anakuja hapa, hajui hata jina la mwenye kile choo, naye akamcheka mama yake, akamwambia Saida mama kapenda mchanga kama kuku, na jioni wakamwonyesha chumba, mama, ndicho chako, nyumba ikiisha uhamie, ukae peke yako Kisarawe mpaka lini, akakung'uta mkeka, "Sasa mwanangu, mimi nitakaa wapi?" Si humu, mama. "Chumba nimekiona. Nauliza, nitakaa wapi?" wakadhani ni masikio, wakarudia kwa sauti, CHUMBA HIKI MAMA, CHOO NDANI KWA NDANI, majirani wote wakajua choo kiko ndani... ewe Mwinjuma, mjinga mwenye ramani, ulijifunza kutembea kwa kushika ukingo wa baraza la Kisarawe, msiba wa baba yako watu walijaa barazani, birika la kahawa likazunguka, hakuna aliyeuliza aingie wapi, leo unajenga nyumba ambayo mgeni ama avue viatu aingie, ama aende zake, katikati hamna, umlete mama akae ndani ya friji na televisheni isiyoitikia salamu, atakaa wiki, atakunja mkeka, atarudi... "Bosi, mota inakauka," ikauke, hesabu kwanza, kozi tano tunaziacha, bati linatokeza mbele, nguzo tatu, baraza la saruji la kimo anachokalia mama mwenye magoti mabovu, linaingia, ndiyo, linaingia mulemule kwenye ile nusu, kaunta haiingii, Saida atanuna, anune, atanuna amekaa barazani anachambua mchicha, Latifu atasema nyumba ya kizamani, aseme, na kikombe cha kahawa mkononi, amekaa juu yake, na baada ya hapo basi, si dirisha, si tao, si taa za kuzunguka dari, hata akija malaika na picha kwenye simu ataambiwa fungu limefungwa, karibu barazani... "Baba Firdausi, ndiyo umekubali, au?" akauliza Saida, na kule juu Hashiru akahamisha uzito mguu huu kwenda huu, mwiko palepale hewani, tone la mota likining'inia kwenye ncha yake, na Mwinjuma akayaondoa macho kule juu kwenye renta, akayashusha taratibu mpaka mbele ya mlango, pale penye mchanga, akapima kwa jicho upana wa mkeka mmoja, akaongeza na wa mgeni.