Sababu ya Kuacha Ndege

Tangu arudishe sare za kampuni, mhudumu yule wa ndege alikuwa hatulii nyumbani, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alipangusa meza iliyokwisha kupanguswa, akafungua friji akaifunga, akachungulia dirishani. Wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mezani na kompyuta akimwandikia wasifu wa kuombea kazi. Yeye alikuwa afisa ajira kwenye kampuni ya bima, na wasifu wa watu alikuwa ameusoma hadi kuuchoka.

"Kaa basi, wifi. Unanitia kizunguzungu."

"Miguu haitaki. Wewe uliza tu."

"Haya. Huko juu ulikuwa unafanya nini hasa?"

"Si unajua? Chai, kahawa, funga mkanda, nyoosha kiti."

"Nikiandika hivyo utaitwa mgahawani. Sema vizuri."

Akasema, huku akiizunguka meza. Bibi aliyemng'ang'ania mkono tangu kuruka hadi kutua. Mlevi aliyetaka kufungua mlango, naye akamtuliza kwa kumwuliza habari za wanawe. Mzee aliyezimia chooni, akamhudumia amepiga magoti mpaka akazinduka.

"Kumbe ulikuwa nesi, polisi na shangazi kwa mshahara mmoja!" Wifi alicheka, vidole vikikimbia. Kisha vikasimama. "Watataka kujua kwa nini uliacha. Niweke 'majukumu ya familia'?"

"Usimsingizie kaka yako."

"Basi kwa nini?"

Mhudumu alirudi dirishani, akampa mgongo.

"Nimekuwa mwoga, wifi. Unakumbuka ile safari tuliyorushwa na dhoruba, mwenzangu akavunjika mkono? Tangu siku ile, mlango wa ndege ukifungwa tu, moyo unanienda mbio. Safari ya mwisho nilikuwa namfunga mtoto mkanda, mikono ikatetemeka mpaka mama yake akanisaidia."

"Kaka anajua?"

"Anajua nimechoka."

Wifi alirudisha vidole kwenye kompyuta. "Hilo hatuliandiki. Wakikuuliza, utawajibu kwa mdomo wako."

Waliomwita kwenye usaili ni hospitali ya macho, iliyotaka mtu wa kupokea wagonjwa wanaosubiri upasuaji. Njia nzima alikariri jibu zuri, lakini matroni alipouliza kwa nini ameacha kazi ya kutamaniwa na wengi, jibu likayeyuka. Akasema ukweli.

Matroni aliweka karatasi chini. "Hapa tunagusa jicho la mtu kwa kisu. Wengine hutoroka kabla hatujawaita. Utawaambiaje?"

"Sitawaambia wasiogope. Nitawauliza wanaogopa nini."

"Njoo Jumatatu."

Badala ya kufurahi, alifika nyumbani roho ikiwa juujuu. Mumewe alikuwa jikoni akimenya vitunguu.

"Nimepata kazi," alimwambia. "Lakini kuna jambo sikukwambia. Sikuacha ndege kwa uchovu. Nilikuwa naogopa."

Mume aliweka kisu chini. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na haikujulikana kama ni vitunguu peke yake.

"Mimi nilidhani umetuchoka sisi," alisema. "Hutulii, huongei. Nikajua siku yoyote utaniambia unaondoka."

"Niende wapi, mume wangu?"

"Sasa ningejuaje?"

Mkewe alisogea karibu naye. Akachukua kitunguu, akaanza kumenya na kumsimulia dhoruba ile yote, na safari hii hakuruka kitu.