Kitabu Kilichowekwa Uchagani

Mzazi mwenzangu, duka la vitabu la Mzee Mikidadi pale Nachingwea halikuanza na ubahili unaousikia. Lilianza mwaka arobaini na nane, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, kwa mbao za masanduku ya mashine. Wazungu wa karanga walipofungasha wakaondoka, wateja wakapungua, na mzee akaanza kuazima vitabu kupitia dirisha la pembeni. Hakuandika jina la aliyechukua. Nyumba ikimaliza kitabu, humpelekea jirani mkononi, na wa mwisho hurudisha dukani.

Ndivyo kitabu cha hesabu kilivyofika kwa Zaina, kutoka kwa jirani yake Kornelia. Binti zao, Sofia wa Zaina na Marselina wa Kornelia, walikuwa wakingojea mtihani wa darasa la nne.

Zaina aliogopa mchwa. Kwao Mandawa, mbegu huwekwa uchagani, juu ya mafiga, moshi uzilinde. Akaona kinachotunza mbegu kitatunza na karatasi. Sofia akimaliza kusoma, mama anakipandisha. Wiki ya tatu alikishusha kimekuwa cheusi, kurasa zinavunjika kama majani makavu.

Mzee Mikidadi alipokifungua aliuliza kwa upole tu. Lakini dukani walikuwamo watu, na ulimi wa Zaina ukamtangulia.

"Kilinifikia hivyo hivyo, mzee. Kimetoka kwa Mama Marselina."

Kornelia aliitwa, akasema alikitoa kikiwa safi. Maneno ya mmoja dhidi ya mwenzake. Lakini Zaina alikuwa akiswali na mke wa mzee, na Kornelia alikuwa mtu wa misheni, basi likaaminiwa la Zaina. Nyumba ya Kornelia ikanyimwa vitabu. Sofia akaazimwa kingine.

Zaina akakosa raha. Jioni Marselina alikuja kumwomba Sofia wasome pamoja, na Zaina, kwa aibu ya kumtazama mtoto yule usoni, akamwambia kwamba Sofia amelala. Sofia alikuwa ndani, anasikia. Tangu siku hiyo akawa anamjibu mama yake akitazama chini. Kila asubuhi Zaina alijiapiza kwenda kusema, na kila asubuhi akapata kazi ya kufanya.

Alipokwenda, Kornelia alikuwa akipepeta ufuta.

"Mama Marselina, ni mimi. Nilikiweka uchagani."

Kornelia hakuacha ungo. "Nilijua. Kilinuka moshi, na mimi sina uchaga. Nilikuwa nakungoja uje."

"Nimekuja."

"Mtihani ulikuwa jana, Mama Sofia."

Zaina akatoka hapo moja kwa moja hadi dukani, akarudia yale yale mbele ya wateja. Mzee Mikidadi alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Alimtuma mkewe kwa Kornelia kuomba radhi, na tangu siku ile hajamwazima mtu kitabu tena. Alisema si karatasi inayomuuma, ni yeye kumhukumu mtu kwa kuangalia anaswali wapi.

Leo watu wanapita wakisema mzee ana mkono wa birika. Zaina akiwasikia huwasimamisha, akawaeleza ni nani aliyelifunga lile dirisha la kuazimia. Sofia huwa pembeni yake, na bado hamtazami.