Kidole Kisichopenda Mwangaza

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Shiundu, na mwenyewe hakatai. Alikuwa akipasua mbao kwenye karakana ya Muiruri, Kawangware, mkewe Sella akapita barabarani na beseni la dagaa wa omena, naye akampungia mkono. Mkono aliopunga ndio uliokuwa umeshika mbao. Msumeno wa umeme haukuwa na kinga. Muiruri aliing'oa akisema inachelewesha kazi. Kidole cha shahada kikaanguka kwenye vumbi la mbao, kuku wa jirani akakidonoa akaenda nacho zake.

Fundi asiye na kidole hicho hashiki patasi vizuri. Kabla damu haijakauka, Muiruri alikuwa akiulizia fundi mwingine.

Sella alimpandisha mumewe boda boda hadi Kianda, Kibera, kwa jirani yao Nyawira, mwanafunzi wa biolojia anayefuga minyoo bapa kwenye sahani. Mnyoo huo ukiukata, kila kipande humea kilichokosekana. Nyawira huitilia matone ya molekuli ndogo ndogo, aone ipi inaharakisha na ipi inavuruga.

"Hii inapenya ndani ya seli," alieleza akionyesha vichupa viwili, "inaziambia hapa pamekatika, jengeni. Ile nyingine hapana. Ile inafanya mnyoo umee mkia huku na huku."

"Mkia tusiongeze," Sella alisema. "Hata suruali anazo mbili tu."

Nyawira akadondosha ile ya kwanza kwenye jeraha. Chai ilipochemka kucha ilikuwa imeshatokea, laini kama ya mtoto mchanga. Shiundu akakunja, akakunjua, akashika kikombe. Sella akashusha pumzi, akaketi kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Kidole kipya kilikuwa na tabia mbili tu za minyoo ile. Tochi ikiwashwa, kilijificha ndani ya kiganja. Na kilipenda maini. Walizoea.

Asubuhi wakaenda karakana pamoja. Muiruri alikigeuza kidole hicho kama anayekagua mbao, akaridhika.

"Karibu kazini, fundi."

"Na kinga unarudisha lini?" Sella aliuliza. Kinga yenyewe ilikuwa chini ya mguu wa meza, inazuia meza isitikisike.

"Ya nini tena, mama? Si vidole siku hizi vinamea?" Muiruri aliwasha msumeno. "Nasikia kwa hiyo minyoo hata kichwa kinamea."

"Basi anza na chako, bosi. Hata kikikataa kumea, kazi haitasimama."