Jina la Cheti

Barua ya mnara ilinifikia siku ya Jumatano, nikiwa cherehani nashona kanzu za watumikiaji wa misa. Mjumbe wa mtaa wetu hapa Ng'ambo ndiye aliyeileta. Ilisema taifa linajenga mnara wa askari waliokufa katika vita vya miaka hii, wa Kongo na wa kwingine walikopelekwa kulinda amani, na jina la kila mmoja litachongwa kwenye jiwe. Mjane afike Jumamosi ukumbini Kitete, pamoja na mzazi wa marehemu kama yuko hai, kuthibitisha jina. Chini waliandika: Benjamini Masele.

Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikaiweka ndani ya kitabu cha sala. Mume wangu hakuwa Benjamini.

Benjamini alikuwa kaka yake, mtoto wa kwanza wa mama mkwe wangu. Alimaliza darasa la saba, akapewa cheti, na masika yaliyofuata malaria ikamchukua. Mdogo wake, Adriano, aliacha shule darasa la tano akaenda Igunga kuchunga ng'ombe wa mjomba. Jeshi lilipokuja kutafuta vijana walitaka cheti, na nyumbani kilikuwepo kimoja tu, kimefungwa kwenye nailoni darini. Akaenda nacho. Kuanzia hapo serikali ilimjua kwa jina la marehemu, na sisi tulimjua kwa jina lake. Padri aliponiuliza altareni kama namkubali, alisema Adriano. Mtoto wetu alipoandikishwa shule, aliandikwa Advera Benjamini.

Wengi wamefanya hivyo, wala haikuonekana jambo kubwa. Lakini mwenye jina la kukopa hafi vizuri. Jeshi lilipomleta Kigwa, kijijini kwao, ndani ya sanduku, lilikuja na msalaba wa chuma mweupe ulioandikwa Benjamini Masele, na sisi tulikuwa tayari na kaburi la Benjamini Masele, hatua nne kutoka pale. Wageni wakiuliza, mama mkwe huwajibu kwamba walikuwa wasomo, watu wa jina moja, basi. Mimi sikuthubutu kugusa msalaba ule, niliogopa kuulizwa. Niliungama mara tatu. Padri mmoja mzee akaniambia uongo ule si wangu, ila nisiuongeze.

Hilo la kutouongeza ndilo lililoninyima raha siku tatu zile.

Alhamisi nilipanda gari kwenda Kigwa kumchukua mama mkwe. Anaitwa Nyamizi, macho yamemwishia karibu yote, lakini masikio yake ni ya swala. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nilimsomea barua. Aliuliza jiwe lenyewe ni kubwa kiasi gani, na kama mvua inaweza kulila. Nilimwambia nataka jiwe hilo liandikwe Adriano, kwa sababu wakishachonga wamechonga, na mume wangu atakuwa hayupo mahali popote duniani isipokuwa kwenye daftari la parokia.

Aliendelea kupukuchua. Kisha akanieleza jambo nililokuwa nalijua kwa juujuu tu. Msiba wa Benjamini ulipoanuliwa, wazee walimkalisha Adriano kwenye kigoda cha kaka yake, wakampa upinde wake, wakamwita kwa jina la kaka yake mbele ya watu. Kwa hiyo kwake yeye cheti hakikuibwa. Kilifuata upinde.

"Babu zetu walipita njia hii na pembe za ndovu za watu mabegani mpaka pwani," alisema. "Waliofia njiani hakuna aliyewaandika. Leo wanataka kumwandika mwanangu, halafu wewe unabagua herufi."

Nilimwambia sibagui. Nilimwambia atakayetakiwa kuapa ni mimi. Akasema mkamwana wake kasoma sana, darasa la saba zima, na tukala ugali.

Jumamosi ukumbi ulikuwa umejaa wajane. Tulikaa kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi mpaka saa saba, tukisogea kiti kimoja kimoja. Hakuna aliyelia. Miaka ikipita, kulia nako kunakuwa kazi. Mama mmoja kutoka Nzega alisinzia hadi khanga ikamdondoka, tukamfunika.

Aliyekuwa mezani alikuwa koplo mstaafu, mtu wa hapa mjini, Abdulatifu. Mguu wake mmoja haukunjiki, miwani ameifunga kwa uzi. Alipoliona jina akainuka kwa shida, akamwamkia mama mkwe shikamoo kwa mikono miwili, akaniambia walikuwa kikosi kimoja na mume wangu.

"Benja huyu, shemeji, alikuwa anatuchelewesha doria kwa rozari yake. Tunamwambia malizia njiani, anasema Bikira Maria hakimbizwi."

Mama mkwe alicheka. Mimi pia, kidogo, kwa maana ndivyo alivyokuwa hata nyumbani chakula kikipoa.

Akanisogezea karatasi, akanisomea: nathibitisha mbele ya Mungu na mbele ya taifa kwamba jina hili ndilo jina la kweli la marehemu. Nilishika kalamu. Nikaitazama ile nafasi ya sahihi.

"Shemeji, mbona kalamu imekukataa?"

"Hakuitwa Benjamini," nilisema. "Aliitwa Adriano."

Nilimweleza yote, taratibu, cheti na kaka na makaburi mawili. Nyuma yangu viti vikaacha kusogea. Abdulatifu alivua miwani, akajisugua macho muda mrefu. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba akiyaandika hayo, jalada linarudi makao makuu kuchunguzwa, na mafundi wanaanza kuchonga mwezi ujao. Jina lenye swali wataliruka.

Nikamuuliza litarudishwa lini.

"Mimi naufuatilia mguu wangu huu mwaka wa sita," alisema. "Sijui, shemeji. Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya."

Kisha akaongeza, akiwa anaitazama meza: "Siku ile aliyokufa mimi ndiye niliyekuwa namwita. Niliita Benja, Benja, na aliitika mara mbili. Nikienda kwenye jiwe lile, nitamtafuta kwa jina nililomwitia. Huyo Adriano mimi sijawahi kukutana naye."

Nilikuwa nimekuja kumdai mume wangu, nikakuta kuna wengine wanaye, na wanaye kwa jina jingine. Huko Kongo nilikokuwa namwombea kila jioni, aliyekuwa anaitika alikuwa Benja. Aliitika mara mbili. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Niliilaza kalamu.

"Mimi sitaapa," nilisema. "Lakini sitazuia. Hapo kwenye sahihi pameandikwa mjane au mzazi. Mzazi wake huyu hapa, na jina hilo alimpa yeye, mbele ya watu."

Abdulatifu alimsomea mama mkwe maneno yale upya, polepole, akamuuliza kama ameyaelewa na kama ni kweli kwake. Mama mkwe alisema ni kweli, na kwamba wazee waliomkalisha mwanawe kwenye kigoda wamekufa wote, vinginevyo angewaleta. Akatoa kidole gumba. Nilikuwa nimemshika kifundo cha mkono ili kidole kisiteleze. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama kuni kavu.

Njiani kurudi hakunisemesha. Nilidhani amekasirika kwa kuwa nimeifungua siri ya nyumba mbele ya ukumbi mzima. Labda alikasirika kweli. Nililala Kigwa, na Jumapili baada ya misa akaniambia rangi nyeusi iliyobaki ya mlango iko nyuma ya ghala, na brashi pia.

"Si umeshasema mbele za watu?" alisema. "Sasa unaogopa nini?"

Alibeba kigoda chake mwenyewe, akaenda kukaa kati ya makaburi mawili. Nilipiga magoti mbele ya msalaba wa chuma, nikaufuta vumbi kwa ncha ya khanga. Nilikuwa nimechoka hadi nikaona uvivu hata wa kufungua kopo.

"Usifute jina la juu," alisema. "Andika chini yake."

Chini nafasi ilikuwa ndogo. Niliandika kama ninavyoandika vipimo vya wateja, herufi kubwa.

"Umefika wapi?"

"Kwenye R."

"Bado refu?"

"Bado kidogo, Mama."

Akangoja. Herufi za mwisho zilibanana, na ile O nikaiweka kwenye ukingo kabisa, ikachuruzika kidogo. Nikaipangusa kwa kidole.