Umbali wa Refa Mongi

…na hiyo ni mbio ya ishirini na sita, zimebaki kumi na nne, tembea Mongi, tembea kama mtu asiyeumwa kitu, mita ishirini na tano za kutembea halafu kipenga kinalia tena, mita sabini na tano za kukimbia, sekunde kumi na tano tu, ukichelewa mara mbili msimamizi, Si Ridha, “Si” ya heshima kama Bwana, anakutoa kwenye jaribio na msimu mzima mechi unazitazama kwenye televisheni ya mkahawa, hapahapa mjini Béja, Tunisia, ukiwa umebanana na walewale waliokuwa wakikutukana uwanjani… huyu Ridha naye, amekaa kivulini na saa yake mkononi na kitambi chake mapajani, anapayuka, "Haya, waamuzi! Refa asiye na pumzi ni mtazamaji mwenye filimbi!", mtazamaji, ati, na yeye akipanda ngazi mbili anatafuta pa kushika, lakini ndivyo mambo yalivyo, waliokaa ndio wanaowapima wanaokimbia, na Mongi ana miaka arobaini na tatu, kumi na minane kati ya hiyo kaimaliza katikati ya uwanja, na goti la kushoto limevimba kama… kipenga, kimbia, kimbia, jua la Agosti linachoma utosi, koni ya kwanza, koni ya pili, Olfa kishampita, Olfa aliyekuwa mshika kibendera wake tangu majira ya baridi yaliyopita, anakimbia kama aliyetumwa dukani, na yeye Mongi anahema kama mbwa, kafika, sekunde ya kumi na nne na nusu, kafika. "Vuta pumzi kwa pua, Si Mongi." Kwa pua! Amfundishe kuvuta pumzi msichana aliyeanza kazi jana, siku ile ya Mei alimwambia nini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, "Si Mongi, ulikuwa mbali," akamjibu, "Binti yangu, wewe shika kibendera chako," na mambo yakaisha… hayakuisha, mechi ya mwisho ya ligi, timu ya mgodini inahitaji sare tu isishuke daraja, dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, mpira ukapigwa mrefu kutoka upande mmoja hadi mwingine, na yeye alikuwa kwenye duara la kati, mikono kiunoni, miguu imekuwa mizito kama magogo, kwa sababu baridi yote ile hakukimbia hata siku moja, mara mvua, mara goti, mara harusi ya dada yake, na kila asubuhi bakuli la lablabi, dengu na mkate na mafuta juu… kipenga, ya ishirini na nane, au ya saba, kimbia, alimwona mshambuliaji akianguka, hilo aliliona, migongo miwili na vumbi na mtu chini, akapuliza, akanyoosha mkono, penalti, na Sabri, beki wa mgodini, akaja mbio machozi yamemtoka, "Wallahi mpira nimeugusa, Si Mongi! Wewe ulikuwa wapi?", na jukwaani wanaimba, mleteeni kiti, mzee kachoka, mleteeni kiti, Sabri akamsukuma kifuani, kadi nyekundu, bao likafungwa, timu ikashuka, sawa, mtu hamsukumi refa, sheria ni sheria, mwaka mmoja nje, na klabu ya Tunis iliyokuwa imeshamwita kijana ikamwita mwingine, hayo yamhusu nini yeye Mongi, yeye kaandika ripoti yake, kaandika, nilikuwa umbali wa mita nane na niliona wazi… koni, koni, kafika, sekunde kumi na tano kamili, Ridha kamtazama kisha kaangalia saa, tembea, tembea, mita nane, na miezi mitatu amekuwa akiwaambia watu mkahawani kwamba mashabiki ni vipofu, kwamba Sabri ni mhuni, kwamba ligi imejaa fitina, kila mtu kamtia lawamani isipokuwa hii miguu, hii miguu tu. "Olfa." "Naam, Si Mongi." "Siku ile… ilikuwa mita ngapi?" Hakuuliza siku gani. "Arobaini. Labda na zaidi." "Mimi niliandika nane." "Najua," akasema Olfa akitazama mbele, "ulinipa nisaini, nikasaini," na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, ingekuwa nafuu kama ingekuwa nayo, na yeye Mongi hakuona, hakuona kitu siku ile, alichoka akabahatisha, na kubahatisha kwake kukaandikwa kwa wino na kusainiwa na watu wawili, na kijana yule hadi leo anasubiri mwaka uishe, na sasa kipenga kinalia tena, kimbia, Mongi, kimbia…